Hukumu kwenye Barieri

Matope yalikuwa yamemwingia Athanasie mdomoni. Walimlaza kifudifudi karibu na barieri ya Mpofi, pale kamba inapokatiza barabara, na vijana wawili wenye bunduki walimkanyaga, mmoja mgongoni, mwingine miguuni. Régine alisimama kando yake na fimbo mkononi, huku binti yake Kétsia akilia na kujinyonganyonga mikononi mwa baba yake.

Baba huyo, Jérôme, alikuwa mume wa Régine kabla hajampa talaka kwa kosa la kuzaa msichana mmoja tu. Siku hizi ndiye mkubwa wa barieri. Mtu aliyeshindwa kupalilia hata tuta moja la maharage, leo anawahukumu wakulima!

Athanasie, mwanamke mwenzake, ndiye aliyempokea Régine na mtoto siku ile ile ya kufukuzwa. Walikuwa marafiki tangu kambi ya wakimbizi huko Sake, ambako watu walibanana chini ya turubai moja na hakuna aliyeuliza nani kalala na nani. Wakalima mihogo pamoja, wakauguzana malaria, na urafiki ukageuka mapenzi bila kubisha hodi. Régine alikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Jumapili, wakati wa ushuhuda kanisani, alisimama akamshukuru Mungu kwa kumpa Athanasie, akaongeza kwamba hana haja tena ya mwanamume. Akina mama walimpigia vigelegele. Maana ya maneno yale waliitafuta baadaye, kisimani, na kutoka kisimani yakafika barieri.

"Mama Kétsia," alisema Papa Élie, chifu wa kijiji, kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, "weye mwenyewe njo ulisema mu kanisa. Hakuna muntu alikusingizia."

"Nilisema asante, Papa. Asante iko kosa?"

"Usinijibu vile! Kama unataka kubakia na mutoto, utuonyeshe kama huyu mwanamuke hana maana kwako. Mupige. Ukikataa, mutoto anaenda na baba yake."

Régine alijua huko ni wapi. Wasichana wa umri wa Kétsia walichukuliwa kuwapikia wenye bunduki kule msituni, na mama zao bado wanawangoja.

"Piga, Régine," Athanasie alisema, mdomo ukiwa matopeni. "Mutoto njo wa maana. Piga tu, mupenzi."

Akapiga. Jérôme akacheka.

"Ile ni kufukuza nzi! Piga vile miye nilikuwa nakupiga."

Alivikumbuka vipigo hivyo vizuri sana. Akapiga mabega, akapiga kiuno, gauni likachanika na ngozi nayo ikachanika. Mahali fulani katikati, chuki yote aliyomwekea Jérôme kwa miaka ikapata njia ya kutokea, na fimbo ikaacha kuigiza. Athanasie, aliyekuwa amejikaza kimya, akapiga yowe. Watu walikuwa wamesimama na majembe yao mabegani, wakitazama.

Papa Élie akainua mkono.

"Inatosha." Akawageukia watu. "Mumeona wenyewe? Mwanamuke mwenye kupiga muntu vile, unaweza kumuachia mutoto?"

Jérôme alimbeba Kétsia begani, akashika njia ya msituni, na mtoto akawaita wote wawili, mama yake na Athanasie, kwa zamu. Régine alikimbia nyuma yao. Kitako cha bunduki kikamkuta kifuani, akaanguka, akatafuta pumzi asiipate.

Alipoipata, Papa Élie alikuwa ameshaondoka na vijana walikuwa wakibishana juu ya sigara. Watu wakaenda kupalilia. Régine alitambaa mpaka alipolala Athanasie, akanyoosha mkono ili amwinue.

Athanasie aliuona mkono unakuja, akajikunja, akajikinga uso.