Salamanda Shavuni mwa Verna

Asubuhi ya siku ya kunawishwa uso, Verna alikuwa akikaanga mbegu za msonobari, kichwa amekiinamisha upande ili salamanda waliokuwa shavuni mwake wasipigwe na joto la jiko.

Walishuka mlimani chemchemi ilipokauka, mara tu wachimba dhahabu walipotoboa mwamba juu yake. Salamanda hawa, viumbe wadogo laini wa mahali penye maji wanaofanana na mijusi, hawana mapafu. Wanapumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka wamekwisha. Bonde letu zima, sisi Wapaiute wenyeji wa asili wa milima hii, lilikuwa kavu, isipokuwa uso wa Verna, aliyekuwa akimlilia marehemu mumewe. Basi wakapanda huko. Majirani waliona wamefanya jambo la maana.

Kwetu mfiwa haoshi uso mwaka mzima. Mwaka ukitimia, ndugu wa marehemu humnawisha kwa maji ya chemchemi, kilio kikaisha, akawa huru kucheka, hata kuolewa tena. Verna alikuwa amechoka kulia. Alitaka kucheka, jamani, hilo tu.

Wifi yake, Irma, alikuja na chupa ya maji ya dukani.

"Ya chemchemi hakuna, wifi. Haya yana picha ya mlima, labda yatakubali."

"Na hawa je?"

"Wasogeze."

"Niwasogeze wapi? Kwenye shavu lako? Wewe ulimzika kaka yako ukilia jicho moja."

"Jicho la pili lilikuwa linalinda chakula, wifi. Binamu zako nawajua."

Verna alikaribia kucheka. Machozi yakapungua, na salamanda mdogo kuliko wote akaanza kukunjamana. Verna akakimeza kicheko.

Adhuhuri akafika afisa wa wanyamapori. Tulimwita wenyewe, kwa ujinga wetu, tukiamini akiwaona tu atawasimamisha wachimbaji. Alivaa miwani, akaukagua uso wa Verna kwa karibu kama fundi anayekagua ukuta.

"Wazima kabisa," akasema. "Makazi wanayo, maji wanayo. Sina sababu ya kumzuia mtu kuchimba."

Mlangoni akageuka. "Mama, usinawe tu."

Irma akafungua ile chupa, akayanywa maji mwenyewe. Huko mlimani mashine ilikuwa inanguruma vilevile. Verna akaepua mbegu zisiungue, akavuta kiti, akaanza kumkumbuka mumewe kwa makusudi, akianzia mikono, mpaka mashavu yakalowa tena.