Shamba la Mama Takataka

Siku hizi ukipita pale ukaona shamba limefunikwa mabua, hushangai. Kila mtu anafunika. Lakini enzi zile, jamani! Mwenye shamba aliitwa Mama Takataka, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Leo bibi huyo akikaa mlangoni akawasikia wajukuu wakisema "tunakwenda Takataka", kama vile ni jina tu la mahali, hucheka peke yake, kisha moyo unamrudisha kule. Anawakumbuka mno watu wa wakati ule.

Alikuwa mjane mbichi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimwambia waziwazi: "Nakupa msimu huu mmoja. Shamba la kaka likikushinda, nalichukua." Na shamba lenyewe lilikuwa limechoka, udongo mgumu kama sakafu. Basi alipokuja mwinjilisti wa kanisa, Biblia kwapani na jembe begani, akafundisha baada ya ibada kwamba mabua yasichomwe, yatandazwe, ardhi isilale uchi, watu waliguna. Mjane peke yake ndiye aliyesema, "Njoo uanzie kwangu." Wakatandaza mabua shamba zima, na watu wakambandika jina la Mama Takataka.

Mchungaji naye akatangaza kwamba atakuja kuliombea shamba hilo kabla ya mvua. Hapo ndipo akina mama wa kwaya walipofanya yao. Mwenye shamba alikuwa ameenda kusaga. Wenzake, kwa upendo wote, wakaona aibu: mtumishi wa Mungu aje akanyage uchafu? Wakashika fagio. Wakalifagia shamba kama walivyofagia kanisa kila Jumamosi, wakalundika mabua pembeni, wakatia kiberiti.

Alirudi akakuta moshi. "Mmeniua!" akapiga ukelele, unga ukamponyoka. "Jamani, mmeniua!"

"Tumekusafishia, mwenzetu," alisema kiongozi wa kwaya, fagio mkononi, hajui alie au acheke. Mungu amlaze pema mama yule, alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa.

Mwinjilisti alifika mbio. Hakugomba. Alivua koti, akaanza kuyakokota mabua yaliyonusurika. "Huko msituni Mungu anaangusha majani kila siku," alisema akihema. "Nani amewahi kumwona na fagio?"

Akina mama wakaangua kicheko, wakajifunga viunoni, wakatandaza huku wakiimba. Mabua hayakutosha, kipande cha upande wa njia kikabaki kipara. Mchungaji alipokuja akaombea kote kuwili, palipovaa na palipo uchi.

Mvua ikaja kidogo, ikakata. Jua likawaka hasa. Mahindi ya majirani yakajikunja, na yale ya kwenye kipara nayo yakakauka kau. Palipofunikwa yalisimama kijani, yakabeba. Kiongozi wa kwaya akatembea kifua mbele: "Bila sisi kufagia, mngejuaje tofauti?"

Siku ya kuvuna shemeji alikuja. Mama Takataka alipomwona tu, akaacha kuvuna, akamfuata nyuma. Shemeji alipita kwenye kipara, akaingia penye mabua, akachutama, akatia vidole chini ya mabua. Udongo ulikuwa bado na unyevu.

"Shemeji," alisema hatimaye, bila kumtazama usoni, "mwakani na langu ulichafue."

Mama Takataka akalia pale pale mbele yake, bila haya. Alimlilia na mumewe pia, maana tangu azikwe hakuwa amepata nafasi.