Kubana: Rithi

Pale hospitalini walimwita Mbanaji, na jina hilo hakulichukia. Lilimkaa vizuri. Nyumbani alikunja mifuko ya plastiki iliyokwisha kutumika akaipanga kwenye droo kama mashati ya kazini. Tyubu ya dawa ya meno aliipasua kwa mkasi apanguse kilichobaki ndani, na mkewe alipotaka kusafiri, yeye ndiye aliyekalia sanduku hadi zipu ikasalimu amri. Kazini alikuwa fundi wa hifadhi ya data, yaani mlinzi wa mashine mbili zilizotunza picha zote walizopigwa wagonjwa kwa miaka kumi. Mashine kuu ilikaa jengo la zamani. Ya pili, ya nakala, ilikaa ng'ambo ya barabara, ili moja ikiungua au ikiingia maji, nyingine ibaki.

Sasa mtu kama huyo ukimpa mashine yenye kitufe cha kubana, umempa pepo yake duniani. Kubana, kwa mafundi wa data, ni kuzikunja picha ziingie mahali padogo bila kupoteza kitu, kisha kuzikunjua zinapotakiwa. Mashine kuu ilikuwa imejaa hadi shingoni, na mkurugenzi alishaanza kuulizia nyingine. Mbanaji akabonyeza, akazipitisha picha zote upya kwa wiki mbili, na nafasi iliyotumika ikashuka kutoka asilimia tisini na tatu hadi arobaini na nane. Alipigiwa makofi mkutanoni. Alipewa cheti chenye fremu. Kichwa chake kikavimba mpaka, kama alivyokuja kusema mwenyewe baadaye, kikawa kitu pekee pale hospitalini kisichobanika.

Kichwa kilichovimba hakikosi ushauri. Mashine ya nakala ilipochakaa, aliandika waraka wa kurasa nne kueleza kwamba hakuna haja ya kununua yenye ukubwa wa ile kuu. Picha zimeshabanwa, robo tatu inatosha na kubaki. Ikanunuliwa ya robo tatu. Halafu akapunguza muda ambao mitambo ya eksirei yenyewe hukaa na picha kabla ya kuzifuta, kutoka siku thelathini hadi mbili, kwani pa kuzitunza si papo, tena pawili? Na kubwa kuliko yote, alijitolea kuzitafsiri menyu za mashine zile, pamoja na kitabu chake cha kiwanda, kwa Kiswahili, watu wa zamu zote wasome bila kubahatisha. Alikaa na kamusi mbili kwa miezi mitatu. Swali la kubana lilikuwa na majibu matatu, naye akayaita Ndiyo, Hapana na Rithi. Hilo la Rithi lilimfurahisha kupita yote. Lilikuwa fupi, la heshima, lenye ukoo ndani yake.

Kwenye mashine mpya ya nakala akachagua Rithi. Maana yake aliijua. Si yeye aliyelitafsiri? Nakala ni mtoto wa mashine kuu, na mtoto hurithi kwa mzazi. Mama anabana, mtoto atabana. Picha za miaka iliyopita zilibebwa kwenye diski zikiwa zimebanwa tayari, zikaenea vizuri, na zile mpya zikaanza kuja kwa waya kila siku. Mbanaji akafunga ukurasa, akaenda kunywa chai. Tangu hapo, kila asubuhi alitupia jicho taa ya kijani iliyokuwa ukutani mwa ofisi yake, ya kuonyesha kwamba mashine mbili zinaonana, akatosheka. Kuonana na kupeana ni mambo mawili, mchumba yeyote atakwambia, lakini Mbanaji alikwisha kuoa zamani.

Ikaja Jumamosi ya kuhama. Paa la chumba cha mashine kuu lilikuwa likivuja, kwa hiyo mashine ilikuwa izimwe saa tatu asubuhi, ifunguliwe, ihamishiwe chumba kipya na kuwashwa tena saa tisa alasiri. Katika saa hizo sita madaktari wangetazama picha kutoka kwenye nakala. Karatasi ya ruhusa ilikuwa na mstari uliosema "Nakala imekamilika", na chini yake sahihi ya Mbanaji, yenye mkia mrefu.

Siku hiyohiyo, saa sita mchana, mama mkwe wake alikuwa afanyiwe upasuaji wa nyonga. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mama asiyependa maneno mengi, na alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miezi minane, akitembea kwa magongo mawili na kulala akiwa ameketi. Mara mbili ameshapangiwa tarehe, mara mbili imeahirishwa. Jumanne ya wiki ile alipigwa picha za mwisho, zile ambazo daktari angezifuata wakati wa kukata. Kulazwa kwenye meza ngumu kwa ubavu ule mbovu kulimliza, na binti yake alisema hajawahi kumwona akilia, hata msibani.

"Jumamosi yenyewe ndiyo salama," Mbanaji alimwambia mkewe. "Mimi niko zamu."

Saa nne na nusu simu yake ililia. Alikuwa daktari wa mifupa, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kupiga simu kwa ajili ya salamu.

"Wewe si ndiye mkwe wa mgonjwa wangu? Picha zake za Jumanne sizioni."

"Daktari, hebu ufungue ukurasa upya."

"Nimeufungua mara nne. Picha ya mwisho ya mtu yeyote humu ni ya wiki tatu zilizopita."

Mbanaji alivuka barabara kwa mbio za mtu mwenye kitambi. Ng'ambo alimkuta fundi wa mtandao, dada ambaye wote walimwita Nyaya, ameshakaa mbele ya mashine ya nakala, mikono kifuani.

"Imejaa pomoni," alisema Nyaya. "Wiki tatu sasa. Kila kilichokuja baada ya hapo kimerudishwa mlangoni."

"Haiwezi kujaa. Inabana."

"Haibani hata chembe."

"Nyaya, niliweka Rithi!"

"Irithi kwa nani?"

"Kwa mashine kuu. Kwa mama yake!"

Nyaya akageuza kompyuta yake ili mwenzake aone kitabu cha kiwanda, kile ambacho Mbanaji alikuwa amekitafsiri kwa kamusi mbili. "Soma hapa. Inarithi kwa eneo la diski ilikowekwa, humuhumu ndani ya mashine. Kwa mwenye nyumba, kaka, siyo kwa mzazi. Na mwenye nyumba hapa ameandikiwa Hapana. Picha zinakunjuliwa kule zikitoka, zinasafiri na unene wao, zikifika hapa hakuna anayezikunja tena."

Mbanaji akanyoosha kidole kwenda kwenye Ndiyo.

"Hiyo itabana zitakazokuja," Nyaya alisema. "Zilizomo zitabaki na unene wao."

"Najua," alisema Mbanaji kwa unyonge. "Niliiandika mwenyewe kwenye mwongozo, ukurasa wa saba, kwa herufi nzito."

"Na mashine kuu?"

"Iko kwenye toroli. Diski zote zimetolewa."

"Basi tuzifuate kwenye mtambo wa eksirei wenyewe, si unakaa nazo?"

"Siku mbili."

"Siku mbili tu? Mpumbavu gani huyo aliyeweka siku..." Nyaya akakumbuka, akakohoa, akaanza kupanga nyaya ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu wetu alikuwa amechimba vitatu, kimoja kwa waraka wa kurasa nne, na vyote baada ya yale makofi ya mkutanoni. Alisimama mbele ya mashine yake ya robo tatu akitafuta mtu wa kumkasirikia. Aliwapitia mafundi wa kuhama, aliyeuza mashine, hata mvua iliyotoboa paa. Kila njia ilizunguka ikamrudisha mlangoni kwake.

Alipompigia daktari kumweleza, daktari alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na hilo lilikuwa baya kuliko kukemewa.

"Chumba cha upasuaji ni changu hadi saa nane," alisema. "Leo ikinipita, nafasi nyingine ni baada ya wiki saba. Naweza kuagiza picha nyingine sasa hivi, lakini itabidi alalie tena ule ubavu, na akubali mwenyewe. Nikamwambie kumetokea nini?"

Hapo Mbanaji akaona mlango wa kutokea. Kuna maneno mawili matamu ambayo yamewaokoa mafundi wengi: hitilafu ya kiufundi. Hitilafu ya kiufundi haina baba wala mama, haina zamu, haina sahihi yenye mkia. Daktari akiyatamka yeye, mama mkwe angevuta pumzi na kuilaani mitambo, na mkwe angebaki mkwe mwema. Akafikiria yule mama aliyekaa na njaa tangu jana jioni, akijua kwamba mtu wake yuko zamu.

"Nitamwambia mimi," alisema. Mdomo ulitangulia, ujasiri ulikuwa bado ngazini.

Wodini alimkuta mama mkwe ameegemea mito miwili, amevaa gauni la kijani la upasuaji. Mkewe alikuwa kando ya kitanda, amekunja khanga ya mama yake mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona jasho linakutoka?"

"Mama, kumetokea... kumetokea hitilafu kidogo, katika ule urudufishaji wa..."

"Kumetokea," mama mkwe alirudia, kwa sauti iliyowafutisha wanafunzi majibu yao kwa miaka thelathini. "Imetokea yenyewe?"

Mkewe aliinua macho. Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa akikoroma, akaacha kukoroma.

"Hapana, mama. Nimeisababisha mimi." Na kwa kuwa mlango umeshafunguka, vingine vyote vikamtoka. "Nilichagua neno moja bila kusoma maana yake, na neno lenyewe nimelitunga mimi. Nikashauri mashine ndogo. Nikaamuru zile picha zifutwe mapema kule eksirei. Sikuwahi kufungua hata picha moja ng'ambo nione kama imefika. Nilikuwa naangalia taa. Zako za Jumanne ziko kwenye mashine iliyofunguliwa, na ili upasuliwe leo lazima zipigwe nyingine. Kwa ubavu uleule."

Mkewe aliikunjua ile khanga, akaikunja upya.

"Ulitia sahihi kwamba zipo?" aliuliza mama mkwe.

"Nilitia."

"Bila kuhakiki jibu."

"Bila kuhakiki, mama."

"Mtoto wa darasa la nne anahakiki jibu."

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe akafumba macho. Mbanaji alijikuta akiomba akemewe, tena kwa sauti, ili liishe.

"Haya, sukuma kitanda," hatimaye alisema. "Na utaingia na mimi mpaka ndani. Nikilia, unisikie."

Alimsukuma mwenyewe, taratibu, akiogopa kila kiungio cha sakafu. Chumba cha eksirei kilikuwa na baridi. Mpiga picha alimvika Mbanaji aproni nzito ya madini ya risasi ya kukinga miale, akamwonyesha pa kusimama na pa kushika. Walipomgeuza mama mkwe upande ule, alimkamata mkwewe mikono yote miwili, na ile sauti iliyomtoka haikuwa ya mwalimu wala ya mtu mzima. Mara nne waliambiwa wasitikisike. Mara nne Mbanaji alitamani nyonga ile ingekuwa yake. Kwa miaka yote hiyo alizijua picha kwa uzito wake kwenye mashine tu, ngapi zimeingia na zimebaki ngapi. Hakuwahi kuuliza moja inapatikanaje. Alilia waziwazi, na mpiga picha, kwa adabu, akajishughulisha na vitufe vyake.

"Zimetoka safi," mpiga picha akasema. Kwenye skrini mfupa ulionekana mweupe, na mahali ulipolika.

Mama mkwe alikuwa amelazwa chali tena, jasho likimtiririka shingoni. Akageuza kichwa.

"Nakala yake iko wapi?"

Swali hilo Mbanaji alikuwa ameulizwa na wakurugenzi watatu na wakaguzi wasiohesabika, na kila mara alilijibu kabla halijafika mwisho.

"Haina nakala, mama. Ni hii moja tu, humu kwenye mtambo huu."

"Basi simama hapo mpaka daktari aione."

Mbanaji akasimama mbele ya skrini na aproni yake nzito, na alipoletewa kiti hakukikalia.