Kiboko Alikula Kwanza

Jioni ya mwisho ya kilio, Ernestine alikuwa akisonga bugali kwenye sufuria kubwa ya parokia, kiboko alipoingia uani. Alikuwa ametoka ziwani, akapanda barabara polepole, akasimama kungoja pikipiki ya taksi-moto ipite, kisha akakata kona kwenye duka la Laurette kama mtu anayeijua njia. Wanaume walisogeza benchi. Mzee Gaspard, kaka yake Ernestine, alikataza asipewe kiti. Viti vilikuwa vya kuazima.

"Karibu," Gaspard akamwambia. "Na weye inakuhusu."

Kweli ilimhusu. Ndiye aliyesemwa kuwa ameua. Espoir, mtoto wa Ernestine, alikuwa ameenda na wanafunzi wenzake kutazama viboko pale mto Ruzizi unapoingia ziwani. Mji wa Uvira una wanafunzi wengi, na mwanafunzi akichoka na madaftari ana njia mbili tu: apande mlima ulioegemea mgongo wa mji, atazame maji na taa za Bujumbura ng'ambo, ama achukue boti ya Pitchou, anayetembeza watu kwa malipo. Boti ile ilikuwa ikivuja, na Espoir alikuwa akilisema jambo hilo mbele za watu. Siku hiyo wenzake walishuka kwenye mchanga wapige picha. Espoir akabaki botini, anabishana na Pitchou. Boti ikazunguka nyuma ya matete. Ilipotokea tena, Pitchou alikuwa peke yake, shati kavu kifuani, mikono ya shati imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Kiboko amemubeba," alisema. Kwa chefu wa mtaa ikaandikwa: kiboko.

Tangu hapo Ernestine hakuangalia tena nyuso za watu. Aliangalia mikono.

Kwao kilio hakifungwi kwa maneno. Inapikwa bugali moja, na kila aliyekaa kilioni anakula tonge la sufuria hiyo. Aliyeua hawezi, koo linamfunga. Kwa hiyo anayeshukiwa hupewa kwanza, na watu wengine hujifanya wanaongea juu ya mvua.

Ernestine akaweka sahani mbele ya kiboko. Watu wakaongea juu ya mvua. Kiboko akanusa, akala bugali, akala sombe ya majani ya muhogo, akala hata ndagala, ingawa kila mtu anajua kiboko hali samaki. Akaramba sahani. Kisha akashusha pumzi ndefu na kulala karibu na moto, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Sahani ya pili Ernestine aliipeleka moja kwa moja kwa Pitchou.

"Aksanti mama, miye nilishakula."

"Wapi?" akauliza Eliane, jirani ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na kufuli. "Bibi yako iko hapa na sisi tangu asubui, iko natwanga sombe. Nani alikupikia? Viboko?"

Watu walicheka kidogo, wakaangalia chini. Mke wa Pitchou hakucheka.

"Tumbo iko inaniuma," akasema Pitchou.

Ernestine hakuondoa sahani. Aliishika pale mpaka bugali ikapoa na kufanya ngozi juu. Akamtazama kaka yake. Gaspard alikuwa anatazama ziwa. Ndipo chefu wa mtaa akakohoa, akasema kiboko amekula, ni kweli, wote wameona, lakini tumbo la mnyama haliwezi kusimama shahidi, na jambo lenyewe lilishaandikwa.

"Lilishaandikwa," akaitikia Gaspard.

Asubuhi benchi na viti vikarudishwa. Kiboko hakurudi. Analala uani, upande wa jikoni, na Ernestine anampikia.

Pitchou naye si mjinga. Ameuongeza ua ule kwenye matembezi yake. Jumamosi, kabla ya kuwapeleka wanafunzi mtoni, anawapitisha kwa Ernestine. "Huyu ndiye alikula mwanafunzi," anawaambia. Wanapiga picha. Wengine wanasimama karibu kabisa, wamemwekea kiboko mkono begani. Kiboko anawaacha.

Ernestine hawafukuzi. Anatoka jikoni na sahani inayofuka moshi, anainyoosha kwa Pitchou mbele ya wote.

"Kula, mutoto yangu."

"Aksanti mama," anasema Pitchou, mikono mfukoni. "Nilishakula."

Basi anampa kiboko, na huko ziwani boti ile ile inayovuja inaondoka, imejaa wanafunzi.