Chumvi Iliyokwenda Karatu

Ng'ombe wa Nareyu walikuwa hawajaramba chumvi kwa miezi saba. Walikuwa thelathini na mmoja. Walitafuna mifupa, walirambana migongo, na kibuyu cha maziwa kilichokuwa kikijazwa na ng'ombe mmoja sasa kilihitaji wanne. Chumvi yenyewe haikuwa mbali. Ilikuwa chini ndani ya kreta, kipande cha udongo mweupe chenye ukubwa wa kanisa dogo. Ila ng'ombe walizuiwa kushuka mpaka wanaikolojia wamalize kubishana.

Ubishi ulipangiwa siku tatu za mwezi Agosti, mwaka 2003, kwenye ukumbi wa hoteli moja Karatu. Nareyu hakualikwa. Alimwachia zizi mwanawe Lengai, akajifunga shuka, akaenda kwa miguu. Alipofika kwenye kona za mteremko aligeuka, akaona ule udongo mweupe unamfuata. Ulikuwa umepanda kutoka kreta na unakuja taratibu kama ng'ombe mzee, ukiyapisha magari ya watalii. Nareyu hakusimama. Udongo ule haukuzoea kukaa bila ng'ombe.

Mlangoni mwa ukumbi alikuwepo Piusi, mfagiaji, Mwiraqw wa Endabash. Alikuwa ametoka kupiga deki.

"Takwenya, mama. Jina lako halimo kwenye orodha."

"Limo. Ng'ombe wangu wamo. Si ndio wanaojadiliwa?"

"Na huyu nyuma yako?"

"Naye anajadiliwa."

Piusi aliutazama udongo, akaitazama sakafu yake. "Apite, ila asikanyage zulia. Nyie Wamasai mkija mjini lazima mniletee kazi."

"Ningekuja mikono mitupu ungesema Wamasai wachoyo."

Udongo ukaingia, ukajitandaza sakafuni katikati ya meza.

Dokta Edgar, mtu wa Moshi, alikuwa anaonyesha picha. "Hapa ndani ya kreta pana eneo tupu. Halina jani hata moja. Ni kwato za ng'ombe zilizolimaliza. Hivyo ndivyo vipimo vinavyosema, na mambo ya jamii yatafutiwe mkutano wake."

Dokta Flaviana alikuwa amekaa mkabala naye. Walikuwa wakibishana hivyo mwaka wa tatu sasa. "Pale ulimuuliza nani, Edgar? Huwezi kuzipima nyasi ukamwacha anayeishi nazo."

"Kuuliza si kupima."

Nareyu alisimama. "Mwanangu daktari, pale hapajaota nyasi tangu babu wa mume wangu hajatahiriwa. Ni chumvi. Huyu hapa, mrambe."

Edgar aliinama, akachovya kidole, akaramba. "Ni chumvi," alisema, akaandika.

Baada ya chai wakaja nyati kumi na wawili na pundamilia sita. Waliingia kwa mlango wa jikoni, mmoja mmoja kwa sababu ya upana, wakaanza kuramba. Tembo dume alibaki nje akapitisha mkonga dirishani. Piusi aliongeza ndoo ya maji. Wanaikolojia, ambao walikuwa kumi na saba, waliwahesabu wanyama mara mbili ili wasikosee.

"Haya, Edgar," Flaviana alisema. "Hizo nazo kwato za nani?"

Ukumbi ulicheka. Edgar hakucheka. Katika kazi yake alikuwa mtu mkweli. "Hoja ni nzito," alisema. "Lakini sampuli imehama. Kilichopimwa nje ya eneo lake hakihesabiki. Watu waende wakapatazame penyewe."

Walitumwa vijana wawili na gari. Walirudi kesho yake mchana na picha mpya. Pale ulipoondoka udongo, nyasi zilikuwa zimeota, mbichi, zinafika kwenye kifundo cha mguu. Edgar alizibandika karibu na picha za zamani. "Miezi saba bila ng'ombe, nyasi zimerudi," alisema.

"Zimeota kwa sababu chumvi iko hapa!" Flaviana alipiga meza. "Iko chini ya viatu vyako!"

"Hilo liingie kwenye kumbukumbu," alisema Edgar, na likaingia, ukurasa wa arobaini.

Nareyu alikaa siku zote tatu. Kila mwenyekiti alipouliza kama kuna swali, alinyoosha mkono. "Ng'ombe watashuka lini?" Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake. Aliuliza mara kumi na tisa.

Siku ya tatu walipiga kura, kumi na moja kwa sita. Ng'ombe wasishuke tena. Chumvi ibaki Karatu kwa utafiti zaidi. Walipigilia vigingi vinne kwenye pembe zake, kila kimoja na namba, na udongo ukaacha kutembea. Nareyu aling'oa kigingi kimoja. Walikirudisha. Akaking'oa tena.

"Acha, yeyo, mama yangu," Flaviana alimwambia. "Nitaandika barua."

"Andika," alisema Nareyu, akaking'oa mara ya tatu.

Walipokipigilia mara ya nne alitandaza shuka sakafuni, aking'oa kigingi cha pembe ya pili, akachimba nacho chumvi, akajaza. Piusi alimzolea na chumvi iliyomwagika kwenye zulia. "Nyati wenu wanakula vibaya," alisema, akamtwisha. Nareyu akapandisha mlima na mzigo mgongoni. Baada ya siku nne alirudi na shuka tupu. Hakuna aliyemuuliza jina.

Flaviana aliandika barua tatu. Zilijibiwa kwamba zimepokelewa.

Mpaka mvua za vuli zinaanza, Nareyu alikuwa amekwenda safari tisa. Kila mzigo ulitosha ng'ombe saba. Walikufa majike wanane waliokuwa wakikamuliwa, mitamba watatu, na dume. Wajukuu wanne walikunywa chai ya rangi mpaka Pasaka. Mguu wa kulia wa Nareyu ulipoteza kucha mbili.