Saba Yenye Mkanda

Kila asubuhi, kabla king'ora cha reli hakijalia mara ya pili, Phelister alikuwa amekwisha kufika dukani kwa Muturi na kuweka kijitabu chake juu ya kaunta. Hawakuwa na haja ya maneno mengi. Muturi alitoa pakiti mbili za maziwa na nusu mkate, akalamba ncha ya penseli, akaandika katika kijitabu cha mama huyo na katika kile chake. Mwisho wa mwezi Phelister alilipa, na Muturi akapiga mstari mwekundu chini ya ukurasa. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka sita, tangu mumewe, Omolo, karani wa mizigo wa reli, apewe nyumba namba 47 pale Makongeni.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1979, Muturi alikirudisha kijitabu kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani asiyoitaka.

"Leo ni pesa mkononi, Mama Akinyi."

"Kwani nimekosa nini?"

Muturi alielekeza kidevu ukutani. Mtu wa duka kubwa la vyombo la Jogoo Road alikuwa amepita Jumamosi akabandika karatasi yenye majina ya walioshindwa kulipia vitu vya mkopo. La nne lilikuwa la Phelister. Mdhamini wa redio moja, shilingi mia tatu na ishirini, nyumba namba 47.

"Wacha wee!" alisema Waruguru, jirani aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. "Na redio yenyewe mnaisikilizia chini ya blanketi? Mbona sisi hatujaisikia?"

Watu wawili walicheka. Phelister alifungua fundo la leso yake, akahesabu senti za maziwa, akaacha mkate.

Aibu ya foleni ilikuwa jambo moja. Lililomkaa rohoni zaidi lilikuwa cherehani. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, lakini mashine ilikuwa ya mwanamke aitwaye Wangu, wa mtaa wa Ziwani, naye alichukua nusu ya kila alichopata. Shule moja ilikuwa imemwahidi kazi ya mwaka mzima kuanzia Januari, mradi awe na mashine yake. Njia aliyokuwa nayo ni kuichukua kwenye duka lile lile la Jogoo Road na kuilipa kidogo kidogo kila mwezi. Duka hilo halikumpa mkopo mtu ambaye jina lake limechafuka.

Siku iliyofuata alikwenda. Karani alikuwa msichana wa Machakos aitwaye Ndanu, mwenye miwani na maneno machache. Alitoa fomu kwenye faili, akaigeuza imwelekee.

Redio ilichukuliwa na Obura, binamu wa Omolo, aliyewahi kulala sebuleni kwao miezi mitano kabla ya kurudi Homa Bay. Mahali pa mdhamini paliandikwa Phelister, kwa wino wa buluu, na sahihi ikafuata. Chini yake palikuwa na namba ya nyumba. Nne, kisha saba. Saba hiyo ilikuwa imefungwa mkanda kiunoni, kijistari kifupi kilichonyooka. Makarani wa mizigo ndivyo wanavyoiandika, ili isisomwe moja ubavuni mwa behewa.

Phelister aliitazama saba hiyo kwa muda.

"Labda ni kosa la karani," alisema.

"Karani wa hapa ni mimi, mama," Ndanu akajibu. "Na fomu hii niliipokea ikiwa imejazwa."

"Basi mtu akitaka kusafisha jina lake anafanyaje?"

Ndanu alimweleza. Deni lote lilipwe, risiti zitunzwe. Kisha mfanyabiashara anayemfahamu aandike barua kwamba ni mlipaji. Baada ya hapo fomu ingefungwa.

Jioni Omolo alikuwa amekaa kwenye kigoda akipiga viatu rangi. Phelister alimwambia kwamba jina lake limebandikwa kwa Muturi, kwa ajili ya redio ya Obura.

"Hao makarani wa madukani hukosea sana," Omolo alisema, macho kwenye kiatu.

Kiatu kilikuwa kimekwisha kung'aa, lakini mumewe aliendelea kukisugua.

"Ndiyo," Phelister alisema mwishowe. "Hukosea."

Hakujua kugombana, wala hakuona aanzie wapi. Angeweza kusema kwamba Omolo alikuwa amekwisha kuwadhamini wenzake wawili wa kazini, na duka lilikubali wawili tu kwa kila jina. Angeweza kumtajia ile saba. Badala yake akapakua sima. Kuanzia siku hiyo, mgeni au jirani akiuliza, jibu la nyumba namba 47 lilikuwa moja: kosa la karani.

Alilipa shilingi arobaini kila mwezi. Alikwenda Ziwani alfajiri, akarudi jioni na vidole vilivyochomwa. Sukari walipunguza. Miezi mingine alikuta noti ya shilingi ishirini chini ya kopo la majani ya chai, imekunjwa mara nne. Hakuuliza imetoka wapi, na Omolo hakusema. Obura aliandika barua moja, kuwasalimu na kuomba viatu.

Mwezi wa kumi risiti zilikuwa nane. Phelister alizifunga kwenye gazeti pamoja na vijitabu vyake vya maziwa, sita, akavipeleka kwa Muturi.

"Nataka barua," alisema.

"Barua ya nini tena?"

"Ya kwamba mimi hulipa."

Muturi alivifungua kimoja kimoja. Vilinuka mafuta ya taa. Kila mwisho wa mwezi, mstari wake mwekundu ulikuwa pale pale.

"Kumbe vyote umevitunza! Mimi vyangu nilishawashia jiko."

"Vina jina langu. Ningevitupa vipi?"

Muturi alijikuna shingo. Alibandua ile karatasi ukutani, akaigeuza, akaandika barua nyuma yake. Kisha akagundua alichofanya, akacheka peke yake, na kutafuta karatasi safi.

Jumamosi iliyofuata Phelister alikwenda Jogoo Road na Omolo, maana duka halikumpa mke mkopo bila mume kuweka sahihi. Omolo alivaa koti. Njia nzima alizungumza habari za mvua.

Ndanu alihesabu risiti, akasoma barua mara mbili.

"Imebaki nafasi moja. Deni lilitokeaje? Mwezi ule ulisema ni kosa la karani."

Omolo aliangalia cherehani dirishani.

"Andika nilikuwa mdhamini, na nimelipa," Phelister alisema.

Ndanu aliandika. Kisha akaweka rula juu ya jina la Phelister katika daftari la wadaiwa, akalikata. Kazi hiyo ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu. Alitoa fomu mpya, ya cherehani.

Omolo alichukua kalamu, akajaza jina lake na kazi yake kwa mwandiko mzuri wa ofisini. Alipofika kwenye namba ya nyumba akaandika nne, akaandika saba, na mkono wake, kwa mazoea, ukaifunga mkanda.

Kalamu ikasimama. Ndanu aliitazama ile saba, akaitazama ile ya fomu ya zamani iliyokuwa bado mezani, kisha akainuka kwenda kutafuta muhuri, ingawa ulikuwa pale pale mbele yake.

"Mama Akinyi," Omolo alisema polepole, "yule karani..."

"Hapakuwa na karani, Baba Akinyi." Sauti ya Phelister ilikuwa ndogo. "Saba yako naijua. Na redio sikuikasirikia hata siku moja. Ungeniuliza, ningeweka sahihi mwenyewe."