Miss Ndilo Jina

Simu ililia wakati Miss Tolliver anakaanga samaki, na kwa kuisikia tu sauti ya mpigaji alijua samaki wale wataungua. Alikuwa Lorraine Hartsfield, binti wa yule mama wa kizungu ambaye Miss alimfanyia kazi za ndani miaka thelathini na moja.

"Mae, mpenzi wangu, ni mimi. Mama hataki kula. Anakuita wewe tu, Mae, Mae, kutwa nzima. Nakuomba uje umwone kabla... unajua mwenyewe."

"Kabla hajafa," Miss alimsaidia.

Lorraine akaangua kilio. Siku hizi alikuwa mwepesi wa kulia. Alikuwa amejiunga na kikundi cha wazungu wenzake kanisani, wanakutana kila Jumatano kusoma habari za ubaguzi na kupeana vitambaa vya kufutia machozi, na mara mbili alikwisha kumpigia Miss simu kumwomba radhi kwa mambo ambayo hakuyataja. "Wewe ni mama yangu wa pili," alisema tena, na huenda alimaanisha. Hakujua tu kwamba huyo mama yake wa pili hakuwahi kuitwa Mae.

Sasa hapo pana kisa, na ni lazima nikuambie, la sivyo hutaelewa kwa nini mwanamke wa miaka sabini na moja alizima jiko, akavaa gauni la kanisani na kofia yake ya zambarau, siku ya Jumanne.

Alizaliwa mwaka 1938, huko Mississippi, kusini mwa Marekani. Zama hizo mtoto wa kike wa kizungu, hata awe na miaka sita na kamasi zinamtiririka, aliitwa Miss, yaani Bi, kwa heshima. Miss Lorraine, Miss fulani. Mwanamke mweusi aliitwa jina lake tupu, basi, mpaka azeeke. Akizeeka ndipo aliitwa shangazi na watu ambao hata kiti wasingempa akae. Ozell Tolliver, aliyekuwa akilima pamba katika shamba la watu, alilitazama jambo hilo mpaka likamchosha. Mkewe alipojifungua binti, Ozell alikwenda kwa karani akamwambia, andika Miss.

"Miss nani?"

"Miss tu. Ndilo jina."

Karani alicheka, akadhani amempata mjinga wa kusimulia nyumbani, akaandika. Ozell alirudi kwa mkewe anatembea kama bwana harusi. "Sasa na wamwite," alisema. "Watake wasitake, watamheshimu."

Na kweli walimheshimu, maskini, bila kupenda. Mtu wa posta, mwenye duka, daktari wa meno, wote waliita "Miss!" na wote wakaona haya kidogo. Aliyekataa ni mmoja, Claudine Hartsfield, mama yake Lorraine. Siku ya kwanza ya kazi, Miss akiwa na miaka kumi na tisa na mama yake yu kitandani hajiwezi, Claudine alimuuliza jina, akajibiwa, akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Nitakuita Mae," alisema. "Msichana wetu wa kwanza alikuwa Mae, nimeshalizoea."

"Ndiyo, Miss Claudine," alijibu Miss. Hilo jibu lilimkaa kooni maisha yake yote.

Angeweza kulimeza, lakini siku moja mvua ilinyesha, na baba yake akamletea koti mlango wa nyuma. Alisimama pale anachuruzika maji, akasikia sauti kutoka sebuleni: "Mae!" Akamsikia binti yake anajibu: "Abee, Miss Claudine!" Ozell alilitundika koti kwenye msumari akaenda zake. Hakuuliza siku ile, wala kesho yake, wala mpaka anakufa. Nyumbani aliendelea kumwita Miss, ila tangu siku ile alilitamka polepole, kama mtu anayegusa kidonda cha mwenzake.

Kwa hiyo Miss hakuwa anakwenda kumlisha mtu. Alikuwa na haja moja tu: Claudine amwite jina lake, hata mara moja, kabla hajaenda nalo kaburini.

"Yaani unakwenda kumlisha tena?" aliuliza Vernell, mdogo wake, ambaye ndiye aliyeendesha gari na ndiye aliyejipa kazi ya kumsema dada yake njia nzima.

"Nakwenda kuitwa."

"Dada, yule bibi hajui hata leo siku gani. Kichwani mwake amebakiwa na Mae tu."

"Basi nitamkumbusha."

"Na asipokumbuka?"

"Vernell, tazama barabara."

Walipofika, Vernell alikataa kuingia. Alisema yeye kwa yule mama hana deni la hata salamu, na akabaki garini na karanga zake za kuchemsha.

Pale mapokezi ya nyumba ya wazee alimotunzwa Claudine alikaa msichana mweusi mchangamfu, beji yake imeandikwa Latrice. Alimsogezea daftari la wageni.

"Jina, bibi yangu?"

"Miss Tolliver."

"Sawa, Miss Tolliver. Na jina la kwanza?"

"Ndilo hilo."

"Hapana, bibi, la kwanza. Lile la kabla ya Tolliver."

"Miss."

Latrice aliinua uso. Kisha akaelewa, akaifunika midomo yake kwa mkono. "Usiniambie! Kwa hiyo kanisani watoto wanakuita Miss Miss?"

"Na wanacheka mpaka wanatolewa nje."

"Aliyekupa jina hilo alikuwa hatari!"

"Alikuwa baba yangu," alisema Miss, na ghafla macho yakamjaa machozi, jambo lililomuudhi sana, maana kofia ile haikuvaliwa kwa ajili ya kulia.

Lorraine alimdaka mlangoni mwa chumba akamkumbatia mpaka kofia ikaenda upande. "Mae! Umekuja! Hujui hili lina maana gani kwangu."

Miss aliiweka kofia sawa. Alimwita huyu Miss Lorraine tangu akiwa na miaka sita, alipokuwa akimfunga kamba za viatu. "Lorraine," alisema sasa, jina tupu, na akasikia lilivyokuwa jepesi. "Mimi siitwi Mae."

"Aa, najua, ni kifupi cha..."

"Cha nini?"

"Cha... Mabel?"

"Naitwa Miss."

Uso wa Lorraine ukaiva. Akaishika mikono ya Miss yote miwili. "Umesema kweli kabisa. Tulilisoma hili Jumatano iliyopita. Ni haki yako, na ilikuwa haki yako siku zote. Nisamehe, Miss Mae."

Miss alifikiria kumweleza, akafikiria na umbali aliotoka, na magoti yake. "Nenda kanywe kahawa, mwanangu," alisema. "Utulie."

Claudine alikuwa amebaki mdogo kitandani, miaka tisini na mitatu, nywele nyeupe zimechanwa vizuri na mkono wa Latrice au mwenzake. Macho yalikuwa hayaoni sawasawa. Aligeuka aliposikia kiti kikivutwa.

"Miss," alisema.

Moyo wa Miss uliruka kabla akili haijauambia utulie.

"Miss, waambie jikoni chai yao imepoa. Hoteli kubwa kama hii!"

Loo. Kumbe alidhaniwa mhudumu wa hoteli. Miss alikaa, mkoba mapajani. Sasa hilo nalo lilikuwa jina au halikuwa? Jina lenyewe ndilo. Lakini aliyeitwa alikuwa mtu yeyote mwenye aproni.

"Unamngoja nani, Claudine?" aliuliza. Alisema Claudine, na dari haikuanguka.

"Mae. Mbona haji?"

"Mae aliacha kazi."

"Aliacha?" Kikongwe alikunja uso. "Nina neno la kumwambia. Usiku silali kwa sababu ya neno hilo."

Miss alisogea. Hapo, msomaji wangu, kiburi chote kilimwisha. Alitamani kuombwa radhi, na afadhali nilitamke tu, maana yeye mwenyewe asingelikiri mbele ya Vernell. "Niambie mimi," alinong'ona. "Nitamfikishia."

Claudine akamshika kiganja na kukivuta karibu, kama wanavyofanya wanawake wakiwa na siri.

"Mae halikuwa jina lake, Miss. Baba yake alikuwa mtu jeuri sana. Alimpa jina la kututega, ili tumheshimu bila kukusudia. Mji mzima uliingia mtegoni, Miss! Mpaka mume wangu! Lakini mimi nililiona mapema. Miaka yote ile, Miss, sikulitamka hata mara moja."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, Miss. Nakuapia."

"Na hilo neno la kumwambia Mae?"

"Ndilo hilo. Ajue kwamba nilijua."

Miss alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, kicheko kikampitia puani, kisha kikamtoka chote, cha tumbo, mpaka kofia ikaenda upande tena. Lorraine alikuja mbio na kikombe chake, akasimama mlangoni anang'aa kwa furaha. "Oo, tazama! Kama zamani!"

"Miss," alisema Claudine, ameudhika, "maji."

Miss alifuta macho. Akamimina maji, akamwinua kichwa kwa mkono mmoja kama alivyowahi kuwainua wengi wa nyumba ile. "Kunywa, Claudine," alisema, na Claudine akanywa.

Garini, Vernell alikuwa amejaza maganda ya karanga kwenye kikombe cha karatasi. Alimkagua dada yake usoni.

"Haya. Alikuita?"

"Aliniita."

"Jina lako? Lenyewe?"

"Lenyewe. Kila neno la pili."

"Acha mzaha! Akasema nini?"

"Akaapa kwamba hajawahi kuniita."

Miss alivua kofia, akaiweka mapajani, akatazama nje upande ambao mnara wa kanisa lao ulionekana nyuma ya miti. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Tupitie makaburini kwanza," alisema. "Nataka kumwambia baba mwenyewe kwamba na yule ameingia mtegoni."